Kesi Haivuki Zoni

Mapendo mwanangu,

Nakuandikia ungali hapa hapa mjini. Wewe na mama yako mmekwenda mtaa wa Frogtown kutafuta majani ya sombe na unga wa muhogo, kana kwamba Duluth unakokwenda kusoma watu hawali, na mimi nimejifanya mgongo unaniuma ili nibaki na meza peke yangu. Mgongo ni mzima. Nilitaka tu kuandika bila wewe kuchungulia begani na kunisahihisha.

Habari za makoti, chakula, kuamka mapema na kusali, mama yako amezimaliza. Alichosahau yeye, shangazi yako Sifa atakimalizia kesho njiani, maana Duluth si karibu na dada yangu hanyamazi anapoendesha gari. Mimi nina neno moja tu, ila hilo moja ni refu. Ni ile habari ya mahakama. Nyumbani kwetu tunaipita kwa mbali, kila mtu anajua ipo na hakuna anayeitaja. Ulikuwa na miaka kumi na moja, na serikali ilikuwa karibu kukutoa mikononi mwangu. Sitaki uondoke na nusu ya hadithi.

Unajua baba yako ni mtu wa kushuku. Wewe na mama yako mnanicheka kwamba hata yule mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni namuuliza katumwa na nani. Chekeni tu. Lakini ujue tabia hii niliipata wapi, kwa sababu sikuzaliwa nayo.

Kambini Tanzania, wewe ukiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, nilikuwa mjumbe wa kamati ya zoni yetu. Kesi za mume na mke, za kuni zilizoibwa, za kuku aliyekula mbegu za jirani, zote zilikuja kwetu. Watu walikaa chini, kila upande ukasema yake, na sisi wajumbe tukatikisa vichwa kama watu wanaofikiri. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeshakaa jana yake, sisi na mwenyekiti na mkubwa wa walinzi, katikati yetu kidumu cha pombe ya kasiksi, na kesi ilikuwa imekwisha. Baraza lilibaki la kuwapa watu nafasi ya kulia. Na tulikuwa na kanuni nyingine ambayo haikuandikwa popote: kesi haivuki zoni. Mtu akihamia kwa ndugu yake zoni ya pili, sisi hatumfuati, na wa huko hawamuulizi alikotoka. Kila mwenyekiti alilinda eneo lake, na aliyevuka barabara alikuwa amepona.

Kwa hiyo tulipofika Minnesota, niliwatazama watu wa ofisi za hapa kwa macho ya mtu aliyewahi kukaa jikoni. Kila mahali niliona kidumu cha kasiksi kimefichwa chini ya meza.

Mwaka ule mama yako alikuwa na mimba, na shinikizo la damu lilimsumbua, leo kliniki, kesho kliniki. Wakataka kumpa mkalimani wa simu. Nikakataa. Nilisema sauti isiyo na uso siikubali. Wakongo tulikuwa wachache bado, na mkalimani yeyote wa Kiswahili angekuwa shemeji wa fulani au mwimbaji wa kwaya fulani. Nikaona kabisa mambo ya tumbo la mke wangu yakisimuliwa mpaka Coon Rapids kwa shangazi yako kabla mimi mwenyewe sijafika nyumbani. Wakanisainisha kwamba nimekataa, nikatia sahihi kwa furaha. Nilikuwa na mkalimani wangu, damu yangu, asiyeweza kuniuza kwa mtu. Ulikuwa umekishika Kiingereza upesi kuliko watoto wote wa jengo letu la New Hope, na nilijivuna nawe sana. Nilikuwa nakutoa shuleni, nawashusha wewe na mama yako mlangoni, kisha nabaki garini. Nilijiambia mambo ya wanawake mwanaume haingii.

Shule ilipiga simu. Simu nilimpa nani? Nilikupa wewe. Ukasikiliza, ukaitikia mara nyingi kwa adabu, ukakata, ukaniambia, "Wanasalimia, wanasema nisome kwa bidii." Nikasema moyoni, shule za hapa zina heshima kweli. Baadaye kaunti nao wakapiga, wakaniita kwenye mkutano wa wazazi ambao watoto wao wanakosa masomo. Nao pia walisalimia. Sikulaumu, mwanangu, na leo nikikumbuka nacheka peke yangu hapa mezani. Mtoto gani atamsomea baba yake mashitaka yake mwenyewe?

Mimba ile haikufika. Siku hiyo mama yako alitoka kwa daktari akiwa ameshajua, wewe umemshika mkono, na mlipoingia garini hakuna aliyesema kitu mpaka nyumbani. Nilidhani daktari ndiye aliyemwambia. Sikuuliza. Tukakaa matanga, wewe ukapika, ukapokea wageni, ukafua nguo za mama yako, na shule ikawa kitu cha watu wengine.

Ndipo wakabisha hodi. Alikuwa mwanamke wa kaunti, wa ofisi ya kulinda watoto, na nyuma yake polisi wa mji wetu. Yule mwanamke alikuwa na sauti ya pole, na hiyo ilinitia hofu zaidi kuliko yule mwenye bunduki kiunoni. Nilipoona watu wa ofisi mbili wamesimama kwenye kizingiti kimoja, nikajua, au nikadhani najua, kwamba hawa walishakaa jana yake. Na kanisani tulikuwa tumeambiana mara ngapi habari za serikali ya hapa inayonyang'anya watu watoto wao? Nilikusimamisha katikati utafsiri. Nikawaambia kila kitu kiko sawa. Wakasema watarudi.

Jioni ile ile nilikuvalisha koti nikakupeleka kwa shangazi yako. Njia nzima nilikuwa naangalia kioo cha nyuma. Sifa alitupokea mlangoni, akanitazama uso, akaelewa kabla sijaeleza. Akaniambia mimi kaka yake mkubwa, "Yaya, huku ni kaunti ingine. Bale batu bataanzia wapi kutafuta?" Ndivyo nilivyofikiri na mimi, neno kwa neno. Kaunti yetu ina wakubwa wake, na hii nyingine ina wakubwa wake. Tumevuka barabara. Nililala usingizi mzuri usiku huo, na yule wa kaunti aliporudi nikamwambia kwa ishara za mikono kwamba umesafiri.

Hilo ndilo kosa lililotufikisha mahakamani. Kukosa shule peke yake kungemalizwa kwa mazungumzo. Lakini mtoto aliyefichwa ni jambo lingine, na mwanasheria wa kaunti alipeleka ombi kwa jaji kwamba baba huyu hafai kuachiwa mtoto kwa sasa. Siku chache tu zilipita, na mlango wa shangazi yako ukagongwa na polisi wa Coon Rapids na mtu wa kaunti ya huko. Hawakukuchukua. Waliruhusu ubaki pale kwa Sifa mpaka siku ya kesi, mradi uende shule na mimi nisikurudishe nyumbani.

Nilipata jibu langu palepale. Wamejuaje? Na kwa nini yeye aachiwe mtoto na mimi ninyimwe? Dada yangu wa tumbo moja ameniuza. Sikumuuliza. Nilifunga mdomo, na ulikaa umefungwa kwake miaka miwili. Alileta sambusa na wali Krismasi, nikala bila kushukuru. Mpaka siku ya harusi moja, mtoto wake wa kiume akanisimulia akicheka jinsi alivyomwambia mwalimu wake kwamba ana dada mpya nyumbani, anatoka New Hope, anajua kupika kuliko mama. Mwalimu akauliza huyo dada anasoma wapi. Ndiyo yote. Nilisimama na sahani yangu mkononi, nikaona aibu hata ya kumtafuta Sifa kwa macho.

Turudi kwenye kesi. Nilipewa wakili, kijana mwenye viatu vya theluji na tai. Tulikaa naye kwenye chumba kidogo cha mahakama, na mkalimani Mtanzania aliyevaa suti, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Wakili akanieleza kwamba kaunti ni nyingi lakini mahakama ni moja ya jimbo zima. Jaji anakaa katika jengo la kaunti, ila mshahara wake unatoka jimboni, na amri yake inasomwa kila kaunti. Kaunti inaleta watoto wake na shida zake, jaji anaamua, kisha anaipa kaunti hiyo hiyo kazi ya kutekeleza. Nikaona alichosema ni sawasawa na nilivyoogopa. Nikamuuliza swali moja.

"Na wewe, nani anakulipa?"

Akajibu: "Kaunti."

"Hii hii inayonishitaki?"

"Hii hii. Lakini jaji ndiye aliyeniteua, na kaunti haiwezi kuniambia niseme nini."

Nikacheka, mwanangu, mara yangu ya kwanza tangu msiba. Baada ya hapo kila alichoniuliza nilijibu ndiyo. Hufungui tumbo lako mbele ya mtu anayelishwa na adui yako. Na tulipotoka kwenye korido, nikawaona: wakili wangu, mwanasheria wa kaunti na yule mwanamke wa sauti ya pole, wamesimama na vikombe vya kahawa, wanacheka. Mimi nilishawahi kucheka kicheko kile. Nilikijua kilivyo. Nikamwambia mama yako kwa kilugha chetu kwamba kesi imekwisha, tumekuja kulia tu.

Ndani ya ukumbi nikaomba wewe ndiye unitafsirie. Jaji akakataa, akasema mtoto hawezi kuwa mkalimani katika shauri linalomhusu. Nikaona ni ujanja wa kunitenga nawe. Nikamgeukia yule Mtanzania nikamuuliza kwa sauti ya chini anasali kanisa gani. Alisimama akamtafsiria jaji kwamba nimemuuliza anasali kanisa gani. Ukumbi mzima ukajua. Mama yako alinikanyaga mguu.

Mwanasheria wa kaunti akasema maneno yake: uwekwe mahali pengine mpaka ionekane kwamba wazazi wanaelewa. Wakili wangu akasimama akapinga, na kwa mtu wa kulishwa alipinga vizuri kuliko nilivyotarajia. Kisha jaji, mama mtu mzima mwenye miwani, akakuuliza wewe unataka nini.

Ukaongea kwa Kiingereza ukitazama meza. Sikuelewa, ila nilisikia sauti yako ilivyokuwa ndogo, nikaingiwa na wazo baya kuliko yote niliyokuwa nayo. Niseme wazi: nilikushuku wewe. Nilidhani unaomba kuondoka. Nilidhani ulikuwa umeshapanga nao, kule Coon Rapids, na ndiyo maana simu zote zilikuwa zinasalimia.

Yule Mtanzania alikuwa ameinama sikioni mwangu. Sikujua bado kwamba wakalimani wa mahakama hawasemi "anasema". Wanasema "mimi", kama wao ndio yule mtu. Nikasikia mwanaume mzima mwenye suti ananiambia polepole:

"Sitaki kuondoka nyumbani. Sitaki tu kwenda tena kwa daktari na mama. Mara ya mwisho daktari aliniambia mtoto hana mapigo ya moyo, na mimi nikamwambia mama kwamba mtoto amekufa. Mama akasema nimetafsiri vibaya, niulize tena. Nikauliza tena."

Kwa muda mfupi nilidhani ni habari zake yeye. Nilitaka kumpa pole. Kisha nikageuka nikakutazama, na miguu yako ilikuwa haifiki chini pale kwenye kiti.

Sikumbuki vizuri kilichofuata, mambo mengi aliniambia mama yako baadaye. Jaji akamuuliza yule mwanamke wa kaunti kama ofisi yao ilipopiga simu kwetu ilizungumza na baba au na mtoto. Yule mwanamke angeweza kuzungusha maneno, na mimi ningemwelewa. Akajibu kwamba walizungumza na mtoto. Na siku ile mlangoni? Na siku ile pia. Jaji akavua miwani. Akaamuru urudi nyumbani siku hiyo hiyo, kaunti itusimamie kwa miezi kadhaa, mama yako apate usafiri na mkalimani mtu mzima, na asiwepo mtu yeyote, baba, shule, wala kaunti, wa kukutumia tena kama mdomo. Na mwanasheria wa kaunti, yule aliyekuwa anacheka na kahawa yake, akainama akaandika kama mwanafunzi anayesomewa imla.

Kambini sikuwahi kuona mwenyekiti akimwandikisha mkubwa wa walinzi. Nilishangaa. Lakini sikuambii kwamba siku ile nilianza kuwaamini, kwa sababu sikuanza. Mpaka leo sijui walikuwa wanacheka nini kwenye korido. Pengine ni habari za mpira. Pengine ni mimi.

Usimwamini mtu atakayekuambia kwamba ofisi hizi hazijuani. Zinajuana sana. Shule inaiambia kaunti, kaunti inamwita polisi wa mji, kaunti ya pili inapokea simu ya kaunti ya kwanza, na wote wanakutana kwa jaji mmoja wakiwa wanaitana kwa majina. Kujuana huko ndiko kulikokufuata mpaka Coon Rapids, na huko huko ndiko kulikokurudisha kwangu. Sijaamua nichukie kujuana huko au nishukuru. Siku nyingine nafanya yote mawili kabla ya chai.

Duluth nako wako. Mwenye nyumba atakuwa na wakubwa wake wa mji, chuo kitakuwa na ofisi zake, na siku moja utajikuta mbele ya mtu mwenye sauti ya pole. Shuku, mimi siwezi kukukataza, ni urithi wako, na mali nyingine sina. Ila shuku kwa mdomo. Uliza: nani anakulipa, na nani anaweza kukukataza? Mwenye nia njema atajibu, kama alivyojibu yule kijana wa viatu vya theluji, hata kama jibu linamwaibisha. Shaka yangu niliimeza, na ukiimeza inakwenda kukaa kwa ndugu zako. Yangu ilikaa kwa dada yangu miaka miwili, na ilikaa kwako dakika chache ambazo sitazisahau. Nilimshuku kila mtu aliyekuwa mbali nami. Ndani ya gari langu mwenyewe alikaa mtoto aliyebeba kifo cha ndugu yake kwa lugha mbili, nami nilikuwa naangalia kioo cha nyuma.

Sasa kliniki na mama yako naingia mwenyewe. Yule mwalimu wa Kiingereza kwenye chumba cha chini cha kanisa amechoka nami lakini hajanifukuza. Mkalimani yupo, wa simu, na siku nyingine ni mtu ninayemjua kabisa, mwimbaji wa kwaya. Namsalimia kwa jina ili ajue kwamba namjua. Mengine nasema mwenyewe, nakosea, na daktari anasubiri.

Najua ukifika kule utataka kupiga simu kuuliza kama tumekwenda hospitali, kama tumejibu kaunti, kama tumelipa taa. Usipige kwa hayo, Mapendo. Kazi hiyo jaji alikuachisha zamani, na mimi ndiye niliyechelewa kukuachisha.

Kuna swali moja ambalo sijawahi kukuuliza. Mama yako hajanisimulia siku ile ndani ya chumba cha daktari, na wewe hujasimulia, na mimi niliyajua yote kwa sauti ya mtu wa suti. Ulimwambia kwa maneno gani? Ile mara ya pili, alipokutuma uulize tena, ulirudia maneno yale yale au ulitafuta mengine ya pole zaidi? Mtoto wa miaka kumi na moja aliyatoa wapi? Sina haki ya kuyadai, na usinijibu kesho mbele ya shangazi yako. Lakini ikija siku unataka kumwambia mtu, nipigie mimi. Ikiwa maneno yanakujia kwa Kiingereza, sema kwa Kiingereza. Nitasikia mwenyewe. Sema tu taratibu.

Baba yako